Gari la Enos na Yule Ndugu Aliyechukizwa

Shamba la Lengacher,
Mashariki ya Mto,
Kaunti ya Adams,
Indiana.

9 Novemba, 1994.

Mpendwa dada yangu Rosina,

Neema na amani ya Bwana wetu ikukute wewe na wote waliomo nyumbani mwako huko Missouri. Ninaandika nikiwa nimeketi karibu na jiko la kuni, kwa kuwa baridi imeanza kuuma na vidole vyangu havinitii tena kama zamani. Je, goti lako limepata nafuu? Na macho? Katika barua yako mistari ilikuwa ikipanda kuelekea pembe ya karatasi kama njia ya mlimani, nikahofu kwamba unaandika bila miwani. Shemeji Jakob naye anaendeleaje na mgongo wake? Tunawataja katika sala za asubuhi, kila mmoja kwa jina lake.

Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Wifi yako Barbara bado huamka kabla yangu, na bado hunikemea kwa kuchelewa. Mahindi yameingia ghalani, na tufaha zimepikwa na kutiwa chupani. Yule farasi mwekundu uliyemwogopa ulipotutembelea amezeeka sana, na siku hizi anatembea kwa heshima kama mimi.

Sasa nalijibu swali lako, ambalo nimelibeba tangu barua yako ilipofika, nikilihamisha kutoka mfuko mmoja wa koti kwenda mwingine. Umeuliza, "Mmemfanya nini mwanangu?" Umesema Enos amekuandikia mistari michache tu, kwamba amehamia kaskazini ya jimbo pamoja na mkewe Saloma na mtoto, na kwamba wote ni wazima, wala hakuongeza neno. Umesikia kwa watu wengine kwamba alifukuzwa kwa sababu ya gari. Hakufukuzwa, Rosina, wala hakutengwa. Aliondoka na barua njema ya kanisa, iliyotiwa saini na Askofu Eicher, na mimi mhubiri wake, na shemasi wetu. Ingekuwa nafuu kwangu kama ningeweza kukuambia kwamba alikosa.

Unaijua kanuni yetu, sisi tulioyakataa magari ya injini, kwa kuwa ndiyo yenu pia. Gari letu la farasi halina paa. Baba zetu waliona kwamba paa huleta kuta, kuta huleta kioo, na kioo humfanya mtu amtazame jirani yake aliyelowa kana kwamba anatazama picha. Mvua ikinyesha tunafungua miavuli, kwa sababu mwavuli hushikwa kwa mkono, mkono huchoka, na mtu aliyechoka hukumbuka kwamba yumo safarini. Watoto wadogo tu ndio tunaowaruhusu kujificha katika kisanduku cha nyuma, mpaka wafikie umri wa kwenda shule. Nimeyahubiri haya kwa miaka mingi, na bado nayaamini.

Lakini mjukuu wako Verena alipotimiza umri wa kutoka kisandukuni, kifua chake hakikuwa tayari. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka juzi, tukitoka ibadani. Alifika nyumbani amelowa hadi nguo za ndani, kifua kinapiga filimbi, midomo imebadilika rangi. Daktari wa mjini alisema ni pumu, na kwamba mtoto aepushwe na maji na upepo wa baridi. Tangu hapo Saloma akawa anabaki naye nyumbani kila Jumapili ya mvua, na wewe unamjua Saloma. Kwake kukosa ibada ni sawa na kukosa chakula.

Ndipo Enos alipojifungia karakanani mwake vuli nzima ya mwaka uliopita.

Sijui nikueleze vipi gari alilolitoa mle ndani. Mbele lilikuwa fupi, kana kwamba mtu amelikata kwa kisu baada ya kughairi. Nyuma lilikuwa pana, limeinama karibu na ardhi kama ng'ombe anayetaka kulala. Ubavu wake ulikuwa na bawaba. Ukishushwa hadi chini ulikuwa njia ya kupandishia ndama, na ukishushwa nusu ulikuwa meza. Na kiti chake, ambacho ndicho kiini cha habari hii yote, kilikuwa na mgongo wa ubao mpana uliofungwa kwa mikono miwili ya chuma. Ukivuta kamba, ubao ulipanda nyuma yako na kuinama juu ya kichwa chako. Ukiachia kamba, ulishuka taratibu na kuwa tena mgongo wa kiti. Kamba ile Enos hakuifunga popote. Aliipitisha makusudi mkononi mwa abiria.

Nilimwendea kabla hajalipeleka ibadani, nikamuuliza kama hilo si paa. Akanijibu bila ujeuri wowote, "Mjomba, mwavuli si unashikwa? Na huu unashikwa. Saloma akichoka, sote tunalowa kama wengine." Nilizunguka gari lile mara kadhaa. Nikamwambia alilete, kanisa lilione kwa macho.

Jumapili hiyo zamu ya kupokea ibada nyumbani ilikuwa ya akina Wickey. Enos alipoingia uani, watu wote waliokuwa wakifungua farasi waliacha. Mzee Christian Wickey, mwenye nyumba, ambaye unakumbuka kwamba hata msibani hushindwa kuzuia utani wake, alishuka barazani na kulizunguka akiwa ameweka mikono mgongoni.

"We Enos," akasema, "hii ni gari au banda la kuku?"

"Ni gari, mzee."

"Mbona sioni mayai?"

"Ngoja mvua ianze. Utaingia mwenyewe utage."

Vijana walicheka mpaka farasi wakashtuka. Hata Askofu Eicher aligeuka kando akajifanya anakohoa. Na tangu siku ile kanisa letu lote likawa na maoni mawili juu ya gari moja. Wako waliosema kwamba ni kitu kibaya kuliko vyote vilivyowahi kuvutwa na farasi, na kwamba mtu mnyenyekevu hatengenezi kitu kinachowafanya watu wageuze shingo. Wako waliosema kwamba unyenyekevu wenyewe ndio huo, mtu kukubali kuchekwa kila Jumapili kwa ajili ya mtoto wake. Barbara alisema linafanana na kabati la vyombo lililoanguka, lakini akaongeza kwamba kabati lake lingeanguka vizuri hivyo, angelishukuru.

Wakati ubishi huo ukiendelea, gari lilikuwa likiazimwa. Waliolicheka asubuhi walikuja jioni kuomba. Liliwapeleka ndama mnadani, likarudi likasuguliwa, na Jumamosi ubavu wake ukawa meza ya kuuzia mikate na jamu mjini. Akina mama walilitandikia fremu ya kushonea mablanketi. Kondoo wa Girod alizalia humo, mapacha. Mama mzee Magdalena Christner, ambaye miguu yake imekataa kabisa kupanda, aliletwa ibadani akikanyaga ubavu ule ulioshushwa kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Na siku gari la mabenchi ya kanisa lilipopinduka kwenye mfereji na benchi moja likapasuka vipande, mabenchi yote yaliyosalia yalibebwa na gari la Enos kutoka nyumba hadi nyumba, mpaka gurudumu lilipopatikana.

Verena alihudhuria ibada majira yote ya baridi. Alikaa kati ya baba na mama yake chini ya ubao ule, naye ndiye aliyekuwa na kazi ya kushika kamba wakati wa manyunyu madogo. Nilimwona akiishika kwa mikono miwili, uso wake umekazana kama shemasi anayebeba kikombe.

Ikafika Aprili, na Baraza la Maandalizi. Unaujua utaratibu wetu. Hatuandai Meza ya Bwana mpaka kanisa lote liwe na nia moja. Wazee hupita benchi kwa benchi, mhubiri upande wa wanaume na shemasi upande wa wanawake, na kila mshirika hunong'ona sauti yake, kwamba ana amani na Mungu na kanisa, na kwamba anakubaliana na kanuni. Safari hii kulikuwa na jambo la gari.

Rosina, nimezirudia sauti zile kichwani mwangu tangu siku hiyo, na ninaweza kukuandikia jinsi zilivyonijia. Wa kwanza aliniambia, "Mimi binafsi sina neno. Ila kama yuko ndugu limemkwaza, heri liondoke." Wa pili akasema, "Sura yake inanichekesha tu. Lakini tusimuumize aliye dhaifu." Mwingine akaninong'oneza, "Wiki jana nililiazima mimi. Lakini kama kuna mtu analia kwa ajili yake, niko upande wa anayelia." Na hivyo hivyo hadi benchi la mwisho. Tumelelewa katika fundisho hilo tangu matiti ya mama, kwamba mwenye nguvu amwachie njia aliye dhaifu, na kila mmoja wetu alilitii siku ile kwa moyo mweupe.

Nilipofika mwisho nilikuwa na sauti nyingi za upole, na miongoni mwake hapakuwa na hata moja iliyosema, "Ndimi niliyechukizwa." Sikuligundua hilo. Shemasi naye alisikia yayo hayo kwa akina mama. Tulipopanda chumba cha juu kumweleza askofu, hatukumweleza kila mmoja alivyosema, maana si desturi yetu. Tulimpa jumla yake, kwamba kanisa linaomba gari liondolewe kwa ajili ya ndugu aliyechukizwa.

Askofu aliinamisha kichwa, akauliza, "Ni nani?"

Shemasi akasema kwamba huenda si vyema kumtaja. Mimi nikanyamaza, kwa kuwa nilidhani shemasi anamjua.

Jambo lilipotangazwa mbele ya kanisa, Enos alisimama kama ipasavyo. Alisema, "Nalitoa. Na yeyote niliyemuumiza, anisamehe." Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeombwa chumvi mezani. Saloma, upande wa akina mama, alimvuta mtoto karibu na shali yake.

Nilipanga kwenda kumsaidia kulibadilisha, kwa kuwa sikutaka aifanye kazi hiyo peke yake. Nilimkuta amemaliza. Mikono ya chuma ilikuwa imekatwa kwa msumeno na kulazwa sakafuni, ubavu umepigiliwa misumari, na nyuma ameinua hadi kimo cha magari yetu yote. Lilikuwa gari kama gari. Saloma alinitolea kahawa, akaniambia, "Mjomba, mwambie askofu kazi imekwisha. Atafurahi. Sasa halichekeshi mtu." Nilishindwa kuinywa kahawa ile, na nikaona haya kuiacha.

Ubao wa mgongo Enos hakuutupa. Aliutia miguu minne, akaupiga randa upya, akautoa kwa kanisa badala ya lile benchi lililopasuka. Alinisaidia kuupakia katika gari la mabenchi, akaupangusa kwa kiganja, na ndipo akageuka kwenda kulisha farasi.

Tulishiriki Meza ya Bwana kwa amani, au kwa kile tulichokiita amani. Baada ya mkate na kikombe zikaletwa beseni na taulo, tutawadhane miguu wawili wawili. Enos alipangwa na Christian Wickey. Mimi nilikuwa karibu nao, soksi zangu mkononi, nikingoja zamu.

Mzee Christian alikuwa amepiga magoti, mguu wa Enos umo majini. Akasema kwa ile sauti yake ambayo haijawahi kuwa mnong'ono, "Enos, nisamehe kwa yale ya banda la kuku. Huu mdomo wangu hauna mlango."

"Hayo hayakuniuma, mzee. Tena nakushukuru ulisema kwenye baraza kuliko kukaa na kinyongo."

"Kusema nini?"

"Kwamba gari lilikuchukiza."

Mzee Christian akauachia mguu. "Mimi? Nani kakwambia? Nilisema ni baya! Ubaya sio dhambi, mwanangu. Na mimi nina sura mbaya, mbona kanisa halijanikata kwa msumeno? Mimi nilijua ni Tobias huyu!"

Wote waliokuwa karibu wakanitazama. Nikasema, "Si mimi. Nilidhani ni mama mzee Magdalena."

Maji, Rosina, yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kisigino cha mwanao. Aliurudisha mguu wake katika beseni mwenyewe, ili yule mzee amalize.

Baada ya chakula nilimwendea Magdalena, ambaye ametimiza miaka tisini na masikio yake ni mazito. Nilipomweleza, alinishika mkono wa koti. "Mimi nichukizwe na lile gari? Nyinyi wanaume mna akili kweli? Ndilo gari pekee ninaloingia kwa miguu yangu! Hayo yenu mnanipandisha kama gunia la viazi, huyu anasukuma, yule anavuta, na mimi katikati namwomba Mungu mshono usiachie." Nikamuuliza kwa nini basi hakulitetea. Akasema, "Shemasi aliponiinamia kuniuliza alikuwa na uso wa msiba. Nikajua yeye ndiye limemuuma, masikini, nikamhurumia."

Shemasi wetu alikuwa na jino bovu wiki ile.

Tulipita nyumba kwa nyumba, mimi na askofu, tukimtafuta yule ndugu aliyechukizwa. Tulitumia kipindi kizima cha kupanda. Kila nyumba ilitupa jina la nyumba nyingine. Kila tulikogonga tulikaribishwa kwa upole, na kila mlango ulipofungwa nyuma yetu askofu alikuwa amezeeka kidogo. Hatukumpata, dada yangu. Tulikuwa tumeikata kazi ya mikono ya mwanao kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Utajiuliza kwa nini hatukumwambia mara moja alijenge tena. Askofu alipima jambo hilo kwa sala. Neno lililokubaliwa na baraza haliondolewi ila na baraza, na baraza lingine ni vuli. Ikiwa wazee watatu wataligeuza peke yao pembeni, kesho watageuza na jingine. Nami niliona hivyo, na kwa kanuni bado nashindwa kuona vingine. Tulimwomba avumilie hadi vuli.

Mvua ya Mei haikungoja vuli. Verena alipona, Mungu asifiwe. Hilo ulijue kabla sijaendelea. Saloma hakutaka kukosa ibada ya Pentekoste, na asubuhi ilikuwa kavu. Wakati wa kurudi mawingu yakafunguka juu yao kwenye ile barabara ndefu isiyo na nyumba, na upepo ukaupindua mwavuli. Enos alilivua koti lake akamfunika mtoto, lakini koti hunywa maji kama kila koti. Mtoto alilazwa hospitali ya mjini siku kadhaa, mirija ya hewa puani. Nilipomtembelea aliniuliza kama benchi la baba yake bado lipo. Nikamwambia lipo. Akasema, "Lile lilikuwa langu la kushika kamba."

Alipotoka hospitali, askofu, shemasi na mimi tulimwendea Enos. Askofu hakuficha neno. Alimwambia kwamba tulikosea katika kusikiliza, akamwomba msamaha, na akaomba tena angoje baraza, ambalo bila shaka litamrudishia ruhusa yake.

Enos alitusikiliza akiwa anafuta mafuta mikononi. Kisha akanigeukia mimi, pengine kwa kuwa ni damu yake. "Mjomba, kifua cha mtoto hakijui baraza."

Nikamwambia ni miezi michache tu.

"Na nikilijenga tena?" akasema. "Kila atakayeliona atakumbuka aibu yake. Mzee Wickey hatanitania tena. Mtalisifu mpaka nichoke. Halitakuwa gari, litakuwa mahubiri yanayotembea. Na mimi, mjomba, sikutengeneza mahubiri. Nilitengeneza gari la kumpeleka mwanangu kanisani."

Mimi niliyesoma maandiko tangu utoto kwa lugha mbili niliichukua kofia yangu, nikawafuata wenzangu nje.

Walihama Oktoba, baada ya mavuno, ili wasituachie kazi isiyokwisha. Najua ungependa wangekuja kwenu, lakini kwenu nako magari hayana paa. Huko kaskazini ndugu zetu huendesha magari meusi ya farasi yaliyofunikwa pande zote, na Enos amenunua mojawapo, limefanana na ya jirani zake wote kama mbegu za maharage. Hakuna anayeligeukia. Kijerumani chao si Kiswisi chetu, na Saloma ameniandikia kwamba dukani humbidi kurudia neno mara mbili, na kwamba jioni Enos haimbi tena nyimbo zetu za kupindua sauti kutoka nene hadi nyembamba, kwa kuwa huko hazijulikani na watoto wa jirani hucheka. Hajafungua karakana. Ameajiriwa katika kiwanda cha watu wa nje ya kanisa, wanakounda nyumba za magurudumu za kutalii. Yeye hutengeneza viti ambavyo hugeuka vitanda, na meza zinazozama ukutani. Msimamizi wake humsifu sana. Nilipoisoma barua hiyo niliikunja, nikaenda kukaa zizini kwa muda.

Baraza la vuli likafika. Safari hii askofu aliamuru kwamba kila mshirika aseme habari zake mwenyewe na asiseme habari za mwingine. Tulipita benchi kwa benchi, na hapakuwa na hata mmoja aliyelipinga gari. Kanuni sasa inaliruhusu, kamba ikiwa mkononi. Ni ruhusa kamili, na hakuna kitu cha kuruhusiwa. Mzee Christian alijaribu kuunda jingine. Alipovuta kamba ubao ulipanda vizuri, kisha ukamshukia kichwani na kuizamisha kofia yake hadi masikioni. Vijana walianza kucheka, halafu wakaacha wenyewe. Aliivua kofia akaitazama, akasema, "Fundi alikuwepo, tukamwonyesha mlango kwa adabu." Sikuwahi kumsikia mzee yule akisema jambo bila utani.

Magdalena sasa hukaa nyumbani zaidi kuliko anavyokuja.

Benchi la Enos tunalo. Linazunguka nasi nyumba hadi nyumba, na hakuna aliyetamka neno juu yake, lakini nimeona kwamba ndilo linalojaa mwisho. Watu huliacha kama wanavyoacha kiti cha aliyetoka kidogo na atakayerudi. Jumapili iliyopita niliketi juu yake mimi. Upande wa kushoto, chini, kuna tundu ambalo kamba ilipita. Enos hakuliziba. Kidole changu kiliingia humo wakati wa sala ya pili, na sala ile sikuisikia.

Tuliporudi nyumbani ilinyesha, mvua ya baridi yenye punje za barafu. Magari yetu yote yalikuwa barabarani, mstari mrefu wa miavuli myeusi. Barbara alitaka kunipokea mwavuli mkono wangu ulipokufa ganzi. Nilimkatalia, nikaushika mwenyewe hadi nyumbani.

Ninalo ombi moja kwako. Utakapomwandikia Enos usimwambie arudi. Tumekwisha kumwomba mengi, naye ametupa yote. Mwambie tu kwamba uliuliza, na kwamba kaka yako amekujibu kwa mkono wake, kwamba hakukuwa na mtu hata mmoja aliyechukizwa na gari lake. Analijua hilo, lakini sidhani kama amewahi kuliona limeandikwa. Na kama ataona vyema, siku moja amweleze mtoto, atakapokuwa mkubwa wa kutosha kuelewa jinsi watu wanavyoweza kuumiza kwa upole.

Nisalimie shemeji Jakob, na mwanao Ruben na mkewe, na binti yako Elisabeth ambaye nasikia amejifungua salama. Mwambie jina alilompa mtoto limemfurahisha sana wifi yako. Barbara anakutumia mbegu za yale maboga uliyoyapenda, nimezifunga humu ndani. Mzee Christian anakusalimu, ameniomba nikuambie hivyo bila mzaha wowote.

Naye Mungu, anayemwona kila mmoja wetu alipo njiani, akufunike wewe na nyumba yako, na amfunike mwanao na mkewe na yule mtoto, huko ambako sisi wa damu yake tulishindwa kuwafunika.

Mimi ni kaka yako akupendaye daima,

Tobias Lengacher